Sanduku Tupu la Mzinga Namba Tisa

Jumanne, tarehe kumi na saba, saa nne na robo asubuhi, mke wangu alifungua mzinga ambao haukuwa wake.

Saa tano kasorobo nilikuwa nimekaa chini, nimempakata, hapumui.

Wakuu, naandika haya kwa simu, kidole kimoja. Shule yangu iliishia darasa la nne. Makosa ya herufi mnisamehe. Mengine msinisamehe mpaka mmalize kusoma.

Mimi ni mfuga nyuki. Nyuki wenyewe si wangu, ni wa kampuni. Kampuni ina mizinga sitini kwenye msitu wa mikaratusi, na kazi ile hawampi mtu mmoja. Wanawapa mume na mke. Mnapewa nyumba ya chumba kimoja na jiko, bati juu, sakafu ya saruji, maji ya bomba nje. Ofisini wanaiita nyumba ya wawili.

Maana yake mmoja akishindwa kazi, wote wawili mnafungasha.

Tulikaa humo miaka kumi na tisa. Binti yetu aliingia humo akiwa mdogo, akakulia humo, akaolewa akitokea humo. Sasa ni fundi cherehani mjini.

Mizinga thelathini ya juu, ile ya karibu na barabara, ilikuwa yangu. Thelathini ya bondeni ilikuwa ya mke wangu. Watu walimwita Mama Moshi, kwa sababu bomba lake la moshi halikuzimika hata siku moja. Mimi langu lilikuwa linazima kila baada ya mizinga mitatu, nabaki nalipuliza kama mtu anayewasha kuni mbichi.

"Wewe nyuki hawakuogopi," alikuwa ananiambia. "Wanakuhurumia tu."

Sasa sikieni jambo letu moja, maana bila hilo hamtanielewa.

Chini ya kifuniko cha kila mzinga kuna kadi. Imewekwa kwenye mfuko wa nailoni, imebanwa na pini. Unaandika tarehe uliyofungua, malkia yupo au hayupo, asali kiasi gani. Ndiyo kazi.

Sisi tuliigeuza posta.

Tukigombana nyumbani, hatuombani msamaha nyumbani. Siku za utulivu yeye anapanda kwenye mizinga yangu, anaandika nyuma ya kadi, anafunika. Mimi nitakuja kufungua baada ya siku tatu, baada ya wiki, nakuta.

"Nimekusamehe. Lakini chai leo ujipikie."

Na mimi nashuka bondeni, naandika kwa mwandiko wangu wa kuku: "Chumvi jana ilizidi. Ila nilimaliza sahani."

Na tulikuwa na sheria. Kilichoandikwa chini ya kifuniko hakisemwi kwa mdomo. Kinajibiwa chini ya kifuniko, au kwa kitendo. Ukikuta "chai ujipikie", unaingia jikoni kimya kimya unabandika birika, yeye anacheka peke yake uani. Yamekwisha.

Ujinga wa watu wazima. Ndoa yetu ilikula raha hapo.

Sasa nije kwa msimamizi wetu.

Huyo bwana jina tulilompa ni Bwana Subiri. Ukimwomba glovu, subiri. Ukimwambia bati linavuja, subiri. Siku binti yetu alipougua tukaomba gari, alisema subiri dereva ale. Alikuwa na funguo zote za kampuni kwenye mkufu mmoja kiunoni, akitembea unamsikia kabla hujamwona.

Mwaka huu kiangazi kilikuwa kirefu. Maua hakuna. Nyuki wakaanza kula akiba. Kwa hiyo tukawa tunawalisha sukari, na namna ya kulisha ni hivi: unaweka kopo la maji ya sukari juu ya mzinga, halafu unalizungushia sanduku tupu, lisilo na fremu zile za mbao wanazojengea masega, ili nyuki wezi wa mizinga mingine wasiingie. Kifuniko kinakaa juu yake. Limepakwa rangi nyeupe, hata ukiwa mbali unalijua.

Mvua ikigusa ardhi, unaondoa kopo na unaondoa sanduku tupu. Ni lazima uondoe. Nyuki hawajui kuacha nafasi. Ukiwaachia chumba kitupu wakati wa maua, watakijenga wao kwa ramani yao.

Niliondoa yote. Likabaki moja.

Namba tisa.

Pale nilitoa kopo, nikaitwa mahali, nikarudisha kifuniko juu ya sanduku tupu, nikasema nitalitoa kesho.

Mke wangu ndiye aliyenikumbusha. Tulikuwa tunaosha vyombo.

"Baba watoto, kule Tisa umeacha sanduku tupu. Nimepita juzi nimeliona. Litoe."

"Nitalitoa."

Wiki hiyo mikaratusi ikafunguka.

Kwa ambaye hajawahi kuona nyuki wakati wa maua yanapofunguka, sijui nimweleze vipi. Unaweka sanduku lenye fremu kumi kavu siku ya Jumatatu. Jumatano ukichungulia, kingo za masega zimekuwa nyeupe, nta mpya. Alhamisi ukiinamisha fremu, maji ya maua yanadondoka kama nguo iliyokamuliwa vibaya. Jumapili sanduku lile lile huliinui peke yako. Jioni ukisimama mlangoni kwetu, harufu inakuja mpaka kitandani, maana nyuki wanapunga mabawa kukausha yale maji yawe asali, mizinga sitini kwa mara moja, unasikia kama lori limesimama mbali na injini haijazimwa.

Na wakishajaza, wanataka sanduku jingine siku hiyo hiyo. Usipowapa, nusu yao wanaondoka na malkia wao. Wanakuachia mzinga wa wavivu.

Masanduku yalikuwepo. Mia moja na ishirini, mapya, yamepangwa stoo pale getini. Tuliyaona kwa macho kupitia dirishani.

Bwana Subiri akasema fomu haijasainiwa makao makuu.

Mke wangu akamwambia, "Bosi, nyuki hawasomi fomu."

"Mama Moshi, subirini Jumatatu."

"Jumatatu watakuwa wamehama."

"Basi watarudi."

Makundi manne yalituhama wiki ile. Tukakesha mchana, kama kuna kitu kama hicho. Tulikuwa tunagongomea mbao za zamani kutengeneza masanduku, tunakata fremu kwa panga, tunabeba, tunashusha, tunapandisha. Mimi juu, yeye chini. Tulikuwa hatuonani mpaka jua linazama, na tukionana tunaongea habari za mgongo.

Ndipo akaniuliza mara ya pili. Nilikuwa nimelala chali sakafuni, najinyoosha.

"Lile sanduku la Tisa umelitoa?"

"Kesho, mama watoto."

Akacheka kidogo. "Na wewe umekuwa Bwana Subiri. Bado funguo tu kiunoni."

Iliniuma, wakuu. Siwadanganyi. Unaweza kumtukana mwanaume vingi baada ya siku kama ile, lakini si hilo.

Kwa hiyo aliponiuliza mara ya tatu, siku mbili baadaye, asubuhi tukinywa chai, nilikuwa tayari nimekasirika kabla hajamaliza sentensi.

"Tisa umelitoa?"

"Nishatoa."

"Umelitoa? Umefungua, umelitoa?"

"Si nimesema nimelitoa! Unataka niapie kwa ajili ya sanduku?"

Ulikuwa uongo. Uongo mdogo wa kifungua kinywa, wa kufanya watu wamalize kula waende kazini. Nilijiambia nitalitoa mchana ule ule na hatutakuwa tumekosana na Mungu.

Yeye akaweka kikombe chini. Akaniangalia. Aliniangalia muda mrefu mpaka nikajishika mdomo nikidhani nina kipande cha mkate.

"Haya," akasema. "Basi tuendelee."

Akainuka akavaa ovaroli.

Kuanzia siku hiyo nikaona amebadilika. Alifunga mikono ya ovaroli kwa mipira, miwili miwili. Soksi juu ya suruali. Kofia ya wavu anaivaa tangu nyumbani, na zamani alikuwa anaivaa akifika. Alikuwa na glovu za ngozi ambazo binti yetu alimshonea upya, akawa havui hata kunywa maji.

Nikamtania. "Vipi, umeanza kuogopa nyuki uzeeni?"

Hakucheka. Alisema, "Nazeeka, ndiyo," akaondoka.

Nikasema ni uchovu.

Jumanne ile asubuhi Bwana Subiri alinipigia simu. Fomu imesainiwa, masanduku yapo, chukua mkokoteni njoo getini upokee.

Jamani, nilikimbia. Nilisukuma mkokoteni mtupu kama nimepewa gari jipya.

Nikafika getini. Stoo imefungwa. Ufunguo uko kiunoni kwa Bwana Subiri, na Bwana Subiri ameingia msituni na wageni kwa gari.

Nikapiga simu yake. "Subiri, nipo na wageni. Nawaonyesha asali inavyojaa."

Nikakaa kwenye jiwe. Nikasubiri. Mke wangu anaingia kuzimu, mimi nipo kwenye jiwe nahesabu misumari ya mlango wa stoo.

Wageni walikuwa watano, watu wa kununua asali kwa wingi. Mavazi ya nyuki yaliyokuwa kwenye gari yalikuwa ya watu wanne.

Hili nililisikia baadaye ofisini, likasomwa kwa sauti, kana kwamba ni jambo la kawaida. Bwana Subiri alimwita mke wangu kutoka bondeni awafungulie wageni mzinga. Akaona mgeni mmoja, mama mmoja hivi wa makamo, hana vazi. Akamwambia mke wangu, "Mama Moshi, mpe mgeni kofia na glovu. Wewe mzoefu."

Akavua. Akampa.

Mizinga iliyo karibu na barabara ni ya kwangu. Akawafungulia Tisa.

Mnajua alichokikuta. Nyuki walikuwa wameshajaza lile sanduku tupu. Hakukuwa na fremu, kwa hiyo walijenga masega kutoka kwenye kifuniko kwenda chini, wameyagandisha kwa kifuniko chenyewe. Ukiinua kifuniko unainua nyumba yao yote na watoto wao. Aliinua upana wa vidole viwili tu. Kingo za masega zikakatika. Asali ikamwagika. Nyuki wakatoka.

Mimi nikiwa getini nikasikia honi.

Gari likaja mbio, vioo vimepandishwa. Bwana Subiri akashusha kioo kama unene wa mkono.

"Mke wangu yuko wapi?"

"Ameumwa kidogo. Subiri hapo hapo, nishushe wageni ofisini nirudi."

Ameumwa kidogo.

Sikusubiri. Ndiyo mara yangu ya kwanza miaka kumi na tisa sikusubiri. Nilikimbia mwendo ambao kwa kawaida tunatembea robo saa.

Nilimkuta ameegemea mkaratusi, hatua kama ishirini kutoka Tisa. Midomo imevimba, macho yamekuwa mstari. Nilihesabu miiba kwenye mikono yake. Saba. Saba tu, wakuu! Mwanamke huyu nimemwona anaumwa na nyuki hamsini anaendelea kusimulia hadithi.

Hakuweza kusema. Koo lilikuwa linapiga mluzi. Bomba lake la moshi lilikuwa mapajani, linafuka.

Akanyoosha kidole.

Akaonyesha Tisa. Kifuniko kilikuwa kimekaa upande, nyuki wanachemka.

Mimi nikaelewa kama mfuga nyuki anavyoelewa. Nikadhani anasema kaufunge ule mzinga, wataua mtu.

Nikamwacha. Nikaenda nikasukuma kifuniko kikakaa sawa. Nikaumwa, sikuhisi. Nikarudi.

Nilikuwa nimechelewa. Kwa kuondoka dakika moja nikafunge mzinga, nilichelewa.

Gari lilirudi baadaye. Bomba la moshi lilikuwa bado linafuka.

Kikao kikaitwa. Meza ndefu, chupa za maji, watu watatu kutoka makao makuu ambao sijawahi kuwaona, wala wao hawajawahi kuona nyuki. Taarifa ikasomwa. "Marehemu hakuwa amevaa vifaa vya kinga."

Nikasimama. "Nani alimvua?"

"Mzee, kaa. Utapewa nafasi."

"Nauliza nani alimvua!"

Bwana Subiri akasema, "Mimi sikumwambia afungue ule. Nilimwambia afungue wowote. Ule wa tisa aliuchagua mwenyewe."

Nilimrukia. Walinishika watu wawili.

Muongo mkubwa, nilisema. Mke wangu hawezi kugusa mzinga wangu mbele ya watu. Miaka kumi na tisa hajaufungulia watu mzinga wangu. Umemlazimisha, unataka kumsingizia maiti!

Nikapewa barua. Nyumba ya wawili sasa ina mtu mmoja. Nihame mwisho wa mwezi ujao.

Siku nne baadaye mlango ukabishwa. Alikuwa yule mgeni, mama wa makamo. Ameshika mfuko. Ndani kuna kofia ya wavu na glovu za ngozi, amezifua.

Hakukubali kukaa. Alisimama na mkoba wake kifuani.

"Baba, nimeshindwa kulala. Mimi ndiye niliyevaa hizi."

Nikasema asante kwa kuzifua. Fikiria, ndilo nililopata.

"Nije niseme ukweli," akasema. "Yule bwana hakumtajia mzinga. Ni kweli alisema wowote. Tulikuwa tumeshasimama kwenye mwingine, namba tano sijui. Mama akageuka, akauona ule wa tisa. Akasimama."

"Akasema nini?"

"Akasema, 'Kumbe hajalitoa!' Hivyo hivyo. 'Kumbe hajalitoa!' Akacheka, baba. Alicheka kweli, mpaka nikatabasamu na mimi bila kujua kwa nini. Akaweka moshi, akaufuata karibu anakimbia."

Akaniuliza, "Hajatoa nini?"

Nikamwambia sijui.

Nilijua. Sanduku. Nilimdanganya, na amekufa akiwa ameukamata uongo wangu mkononi. Amenicheka, mvivu mkubwa mimi, na akaenda kuifanya kazi niliyosema nimeshaifanya. Hivyo ndivyo nilivyoelewa, na wiki tano nilikula hilo asubuhi, mchana na jioni. Mchana nikamlaani Bwana Subiri, jioni nikajilaani mwenyewe.

Tisa sikuigusa. Mikaratusi ilikuwa imepukutisha maua. Nyuki walikigandisha kifuniko upya kwa gundi yao, hata ufa hauonekani.

Siku ya kuhama binti yangu alikuja kunisaidia kufunga mizigo. Hakukuwa na mengi. Nikamwambia subiri hapa, nina mzinga mmoja.

Akasema, "Twende wote, baba."

Nikamvalisha kofia ya mama yake na zile glovu. Nikawasha bomba la Mama Moshi. Halikuzima.

Nilikata kwa waya chini ya kifuniko, taratibu, kama ukitenga ukoko na sufuria. Halafu nikageuza kifuniko juu chini.

Sijawahi kuona masega mazuri hivyo maishani mwangu. Tisa, yamesimama kama kurasa za kitabu kilichofunguliwa. Meupe. Palipokatika pameshajengwa upya. Yamezibwa yote, asali imeiva, hakuna hata tundu moja wazi. Kazi ya siku tisa au kumi, bila fremu, bila fomu.

Katikati, kwenye sega la tano, kulikuwa na kitu kinang'aa.

Mfuko wa nailoni. Kadi ya mzinga. Nyuki walikuwa wameujenga ndani ya sega, vyumba huku na vyumba huku, pini bado imeshika mbao.

Nikakwangua nta kwa kisu. Ndani kulikuwa na kadi, na karatasi nyingine imekunjwa mara nne. Ile karatasi mwandiko wake sikuuweza. Nikampa binti yangu.

Akasoma mpaka mwisho. Akaanza upya.

"Baba, hii ni ya zahanati. Ni ya kabla ya maua." Akafuata mistari kwa kidole. "Inasema mama ana mzio mkali wa sumu ya nyuki. Inasema asifanye kazi karibu na mizinga kabisa. Akiumwa tena anaweza kufa."

Nikakumbuka. Mwisho wa kiangazi alivimba uso siku moja, akaniambia ni sabuni mpya. Kesho yake akaenda mjini, akasema anaenda kumsalimia binti.

"Alikuja kwako?"

"Hakuja kwangu, baba."

Kadi niliisoma mwenyewe. Mwandiko wa mke wangu nauweza.

"Mume wangu. Mdomo umenishinda nimeandika. Soma karatasi ya daktari. Tukisema ofisini nyumba inaondoka, na wewe kazi nyingine huijui. Tukinyamaza siku moja naweza kwenda. Sitaki kuamua peke yangu. Ukisoma ukaona tuondoke, weka kofia yangu ya wavu juu ya kitanda, nitaelewa, tutafunga mizigo. Ukiona tubaki, usiseme kitu. Sitakulaumu. Nimeiweka hapa kwa sababu sanduku hili lazima ulitoe. Ukiniambia umelitoa nitajua umesoma. Chai leo napika mimi."

Wakuu.

Nimepita juzi nimeliona. Litoe.

Lile sanduku la Tisa umelitoa?

Umelitoa? Umefungua, umelitoa?

Na mimi nikasema nishatoa. Halafu kitandani sikuweka kofia.

Kwa hiyo kwa siku nane mke wangu aliishi na mwanaume ambaye, kwa anavyojua yeye, amesoma kwamba atakufa, akafikiria nyumba ya bati na bomba la maji, akasema tubaki. Akanywa chai na mwanaume huyo. Akalala naye kitanda kimoja. Ndiyo maana ya "Basi tuendelee." Na mwanaume huyo akamtania: umeanza kuogopa nyuki uzeeni?

Hakunilaumu. Aliandika hatanilaumu na hakunilaumu. Alifunga mipira mikononi akaenda kazini.

Binti yangu alinishika bega. "Baba, hukujua."

Hilo ndilo linaloniua. Sikujua, kwa sababu nilisema najua.

Bado namlaumu Bwana Subiri. Msinielewe vibaya. Masanduku yangetoka siku yalipoombwa, ningekuwa na mchana mmoja wa kulitoa lile sanduku. Glovu asingezivua. Gari lingembeba yeye kwanza, wageni wangepanda miguu. Na hiyo sheria ya nyumba ya wawili, aliyeiandika ndiye aliyemfanya mke wangu auone ugonjwa wake kama kosa. Hao wote wanalala vizuri, wana mashuka safi.

Lakini siku hizi nikimtaja Bwana Subiri, naisikia sauti ya mke wangu: bado funguo tu kiunoni.

Sasa nipo kwa binti yangu, chumba cha nyuma, cherehani inapiga siku nzima, na mimi nakaa mlangoni. Lile sega la tano sijalikamua. Nimelifunga kwenye kitambaa, lipo juu ya kabati.

Mnataka funzo, maana hizi simulizi watu huwa wanadai funzo. Haya. Mwenzako akikuuliza kitu kidogo mara tatu, acha kikombe, inuka, nenda kakiangalie. Haulizi kile kitu. Hakuna mtu anayeuliza sanduku mara tatu.

Hilo nimelijua. La pili ndilo silijui, na nimewauliza wote. Nimemuuliza binti yangu. Nimemtafuta yule mama wa makamo nikamuuliza tena, akalia, akasema yeye alisikia kicheko tu.

Pale barabarani, bila glovu, alipogeuka akaona sanduku bado lipo juu ya Tisa, aliyajua yote kwa mara moja. Alijua kwamba sijafungua. Kwamba sijasoma. Kwamba nilimdanganya. Na kwamba sikuwahi kusema tubaki.

"Kumbe hajalitoa!" akasema, akacheka, akakimbilia.

Mke wangu, ulicheka kwa sababu ulifurahi kwamba sikukuuza, au ulicheka kwa sababu ulijua umeolewa na nani?